Kiapo cha Pula

Mbwa yule alikuwa na karatasi nyingi kuliko wenyewe waliomleta. Kwenye daraja la Kazungula, pale mtu anapotoka Botswana na kuingia Zambia, askari alizipitia pasi za Nelson na Wegesa kwa jicho moja, kisha akahamia kwenye cheti cha chanjo cha Pula. Alikisoma mbele na nyuma, akamtazama mbwa, akarudi kwenye cheti, utadhani kulikuwa na picha ya kulinganisha. Tunduma ikawa vile vile. Bwana mifugo wa hapo alitaka kumpima Pula joto, na sehemu mbwa anayopimiwa joto kila mtu anaijua. Pula hakuafiki. Wegesa alicheka mpaka akakaa chini kwenye lami, na mumewe akambeba mbwa kifuani, akimnong'oneza Kitswana, maana hiyo ndiyo lugha pekee Pula aliyoielewa.

Walikuwa wanarudi nyumbani moja kwa moja. Nelson alikuwa fundi wa visima kule Francistown kwa miaka kumi na moja. Binti yao Sarah walimwacha Gaborone chuoni, vitu vingine wakauza, vilivyobaki wakavipakia kwenye Canter iliyotumika, wakavifunika turubai. Mbwa hakuuzwa wala hakuachwa. Usiku mmoja wezi walivunja karakana Nelson akiwa amelala ndani peke yake, na Pula ndiye aliyekula kisu kilichokuja kwa bwana wake. Kovu lilikuwa bado begani, manyoya hayakuota tena. Basi Pula alisafiri kwenye kabini, katikati ya mume na mke, Lusaka, Mbeya, Singida, Bunda, pua yake dirishani kwa zamu.

Kabla ya kwenda Susuni kwa kina Nelson, walipitia kwanza Machochwe kwa Amos, kaka yake Wegesa. Huko ndiko utamu wa safari ulipoanza kuchacha.

"Shemeji," Amos alisema, mbele ya majirani waliokuja kula, "hawa wenzako wanakwenda hapo Nyamongo tu kwenye dhahabu, wakirudi wanaswaga ng'ombe. Wewe umevuka nchi kadhaa. Umerudi na mbwa."

Watu walicheka, na Nelson akacheka nao. Lakini Wegesa aliuona mkono wa mumewe ukisimama njiani na tonge, kisha ukarudi kwenye sahani. Baadaye, akiwa chumbani, aliwasikia wanaume wawili hao wakiongea uani. Sauti ya Nelson ilikuwa ya chini. "Kweli siwezi kuingia kwa baba mikono mitupu. Itabidi nifanye jambo."

Wegesa alikuwa na mafua makali aliyoyaokota Singida, kichwa kizito kama gunia la mahindi mabichi. Hakuyafikiria sana maneno yale. Asubuhi wifi yake alimpa vidonge vya kumeza, akamwambia vitamlaza kidogo. Kidogo! Wegesa alikumbuka kupanda kwenye gari, akakumbuka Pula akimwegemea, basi.

Alipozinduka jua lilikuwa limepanda. Gari lilikuwa limesimama kando ya kijito kilichofurika, maji ya udongo yakipita juu ya kivuko cha zege kwa kelele. Walikuwa upande wa Ringwani, na mvua iliyonyesha milimani usiku ndiyo ilikuwa inawafikia sasa. Nelson alikuwa amechuchumaa ukingoni akinawa. Suruali yake ilikuwa tope mpaka magotini.

"Umelala usingizi wa kifalme," alimwambia. "Nimefika hapa nikakuta maji. Nikageuza gari nikarudi kule juu kutafuta kivuko kingine, hakuna, nimerudi tena. Wewe unakoroma tu."

"Pula yuko wapi?"

"Nyuma. Amenitoroka akapanda na mto, nimemfukuzia kwenye matope mpaka nikachoka. Amerudi mwenyewe ananuka. Amegaagaa kwenye mavi ya ng'ombe, simweki kabini."

Wegesa alizunguka nyuma. Ubao wa nyuma wa bodi ulikuwa umeshushwa, umepakwa kinyesi kibichi, na Pula alikuwa amefungwa ndani penye nafasi, kati ya kabati na magodoro, shingo yote ya kijani, furaha tele usoni. Alimtukana kidogo, Pula akatikisa mkia.

Ndipo wakasikia yowe.

Mtu wa Mara haulizi yowe maana yake nini. Lilitoka mbali, likapokelewa karibu, likapokelewa tena ng'ambo, na baada ya hapo wanaume walianza kutokeza kwenye mahindi, mmoja hapa, wawili pale, wana fimbo, mapanga, na pinde. Hawakuwa wanakimbia ovyo. Waliinamisha vichwa wakitazama chini, kwa sababu walikuwa wanafuata nyayo. Sheria ya nyayo ni ya zamani kuliko serikali, na ni nyepesi kuielewa: ng'ombe wakiibwa, wenye mali wanafuata kwato popote zinapokwenda, na ardhi ambayo kwato zinapotelea, wenye ardhi hiyo ndio watakaolipa. Hivyo kila kijiji nyayo zinapoingia, wanakijiji wenyewe hutoka mbio kusaidia kuzitafuta zinapotokea, wazisukume kwa jirani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu hakuna aliyetaka kuubeba.

Nyayo zilikuja moja kwa moja mpaka kwenye Canter. Pale zilipokutana na matairi, zikaisha.

Wegesa aliona macho ya watu yakipanda kutoka ardhini, polepole, yakapita kwenye magurudumu, yakapita kwenye ubao uliopakwa mavi, yakafika kwenye namba ya gari ya kigeni, yakatua kwenye suruali ya Nelson yenye tope. Hata yeye angekuwa upande ule, angesadiki.

Aliyewaongoza wafuata nyayo alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la mvua, jina lake Kisyeri. Nyuma yake alikuwa Matiko, mwenye ng'ombe, kijana ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Ng'ombe sita walikuwa wametolewa zizini mwake, wale wa kumwolea mdogo wake mke. Upande wa wenyeji alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji kile, Revocatus, mtu mnene mwenye kuhema, na huyo ndiye pekee aliyeifurahia Canter.

"Mmeona wenyewe," alisema Revocatus, "nyayo hazikuingia kwetu. Zimeingia kwenye gari."

"Shikamoo, tata," Wegesa alimwamkia mzee, akimwita baba kwa Kikurya.

"Marahaba." Mzee Kisyeri aliitikia, na kuitikia kwake kulimpa Wegesa tumaini dogo. Kisha akamgeukia Nelson. "Wewe mura, wewe kijana, gari hili umelitoa wapi na linakwenda wapi?"

Nelson alieleza. Alieleza vizuri, kwa Kikurya na kwa Kiswahili, tangu Francistown mpaka mvua. Lakini kila neno la kweli alilolitoa lilitoka na kucha za kumparua. Ndiyo, aligeuza gari juu ya nyayo, hakuziona. Ndiyo, alikwenda kule juu na gari akarudi. La, hakukutana na mtu. Mavi ni ya mbwa, yaani si ya mbwa, ni ya ng'ombe, lakini ameyaleta mbwa.

"Mbwa ameyaleta," mtu mmoja alirudia, na wengine wakacheka kicheko kibaya.

"Ameyatoa huko juu ya mto," Nelson alisema.

"Huko juu?" Revocatus aliruka. "Huko ni mawe na miiba. Sisi hatuchungi huko hata siku moja, malisho yetu yote yako bondeni. Usitake kututupia sisi. Wewe umewapakia hapa, ukawapeleka juu ukawakabidhi kwa wenzako wenye lori, ukarudi kuvuka kama msafiri. Basi."

Hadithi ilikuwa imekamilika, na hadithi iliyokamilika hupendwa kuliko kweli yenye matundu. Matiko alianza kulia bila kujificha. Mtu mwingine alikuwa ameshapanda kwenye bodi, akaliona dumu la dizeli, akalishusha. Hakusema la nini. Simu ya Nelson ilichukuliwa. Ya Wegesa ilikuwa na laini ya Botswana, haikuwa na kazi yoyote hapo.

Mzee Kisyeri aliinua mkono, wakanyamaza. "Mama," alimwambia Wegesa, "wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, tata."

"Mume wako ulimwona muda wote, tangu mlipofika hapa?"

Swali lilikuwa fupi. Angeweza kusema ndiyo, neno moja tu, na labda lingetosha. Alimtazama Nelson. Nelson alikuwa ametulia, anamngoja, kama mtu aliyeweka mzigo wake mahali salama. Lakini Wegesa alilelewa na mama aliyemwambia kwamba uongo mbele ya wafuata nyayo hukaa kwenye ukoo, na mdomo wake ulitangulia kabla ya moyo.

"Nilikuwa nimelala. Nilimeza dawa."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Nelson alitazama chini.

Mzee aliusugua mpini wa fimbo yake kwa kidole gumba. Alipoongea, aliongea taratibu, kama mtu anayefungua mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Siku hizi, alisema, watu wanakwenda polisi, na kwenda polisi ni kuzuri, lakini polisi wako mbali na hawa vijana wako karibu, na yeye hana nguvu ya kuwazuia mpaka jioni. Iko njia ya wazee. Mtu anayetuhumiwa na anayejua kwamba ni safi, anachukua panga, anasema mbele ya wote, kama niliwachukua ng'ombe hawa nami nikatwe kama huyu, kisha anamkata mbwa vipande viwili. Mtu wa nyumbani kwake ndiye anayeshika kichwa. Akishamaliza, hakuna atakayemgusa, kwa sababu kama amedanganya, kiapo chenyewe kitamfuata.

"Na mbwa yuko hapa," alisema.

Walimshusha Pula. Alishuka kwa furaha, akazunguka miguu ya watu akiwanusa mmoja mmoja, hata aliyekuwa na dumu.

"Huyu simkati," Nelson alisema.

"Mbwa si mtu, mura. Mtu safi anamkata anakwenda zake."

"Nimesikia, tata. Leteni mwingine kama kuna mwingine. Huyu simkati."

"Kiapo hakiazimwi mbwa wa jirani."

"Basi simkati."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mpaka dakika ile walikuwepo bado watu wenye mashaka, wazee wawili watatu waliokuwa wamesimama pembeni. Wote walitikisa vichwa. Ni nani aliye na akili zake atakayekubali kufa kwa ajili ya mbwa? Ni yule tu anayekiogopa kiapo. Kamba ilitokea, sijui ilitoka kwa nani, mambo kama hayo hayakosi kamba, na Nelson akafungwa mikono, akasukumwa akakaa chini karibu na gurudumu. Aliyeshika dumu alianza kulifungua kifuniko.

"Ngojeni," alisema mzee Kisyeri. Alimwinamia Wegesa. "Nenda kaongee na mume wako. Mimi nimefika mwisho wa maneno yangu."

Wegesa alikwenda. Alichuchumaa mbele ya mumewe.

"Baba Sarah, mkate."

"Huyu?"

"Watakuchoma. Mkate, twende. Nitamlilia mimi, wewe mkate tu."

"Alikula kisu changu, Mama Sarah. Nitamwambia nini?"

"Haelewi. Ni mbwa."

"Anaelewa."

Alikuwa anasema kwa utulivu, na utulivu huo ulimtia Wegesa hofu mpya. Maana yeye naye alikuwa Mkurya, naye alikuwa amefundishwa kwamba mtu safi hakikimbii kiapo. Alimpenda Pula, hilo halina ubishi. Alimpikia, alimwogesha, alimvusha mipaka. Lakini mbwa ni mbwa. Kwa nini mtu asiye na kosa ang'ang'anie hivi? Na pale pale yakamrudia maneno ya uani kwa Amos. Siwezi kuingia kwa baba mikono mitupu. Itabidi nifanye jambo. Na vidonge vile, na usingizi ule mzito, na tope lile. Alijaribu kuyasukuma mawazo hayo, hayakusukumika. Yalitoka mdomoni mwake kama matapishi.

"Niambie ukweli. Umewachukua?"

Nelson aliinua uso. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alimtazama mkewe kama mtu aliyerudi kwake akakuta kufuli limebadilishwa.

"Hawa hawanijui," alisema. "Wewe unanijua."

Wegesa alisema tu, "Niambie."

Nelson alisimama. Alimnyooshea Matiko mikono iliyofungwa, akasema, "Nifungue. Nipe panga." Wakati Matiko anamfungua, aliongea bila kumtazama mkewe, kwa sauti ya kumfikia yeye peke yake. "Si kwa ajili yao."

Watu walitengeneza duara. Hakuna aliyecheka tena, hata Revocatus alivua kofia. Nelson alilipima panga mkononi, kisha akaita, "Pula. Tla kwano."

Pula alikuja.

"Robala."

Hilo ndilo neno alilokuwa akimwambia kila mpaka, ili alale chini kwenye kiti, awaache askari wafanye kazi yao. Pula alilala chini, akanyoosha shingo kwenye udongo, akamtazama bwana wake kwa jicho moja, akisubiri waruhusiwe kupita.

"Mtu wa nyumbani ashike kichwa," alisema mzee Kisyeri.

Wegesa alipiga magoti akamshika. Machozi yalikuwa yanamtoka na kamasi za mafua pamoja, hakujipangusa. Juu yake Nelson alianza kutamka, "Kama niliwachukua ng'ombe hawa…" Vidole vya Wegesa vilizama kwenye manyoya ya shingoni, na kila alipogusa palikuwa na ubichi. Mavi yalikuwa bado laini, yanatereza, yana harufu kali ya majani yaliyoliwa jana. Wegesa alikuwa amezaliwa zizini, twaweza kusema. Mavi ya ng'ombe aliyasoma kabla hajasoma vitabu. Haya yalikuwa ya asubuhi ile ile. Na huko juu, mwenyekiti alisema mwenyewe, ni mawe na miiba, hawachungi huko hata siku moja.

Alijilaza juu ya shingo ya mbwa. Panga halikuwa na mahali pa kupita tena.

"Mama, toka," Matiko alisema.

"Sitoki. Tata Kisyeri, njoo uguse. Njoo uguse mavi haya uniambie ni ya lini."

Mzee alikuja. Alichovya vidole viwili, akavinusa, akavisugua. "Ya leo," alisema.

"Na mwenyekiti amesema kule juu ya mto hakuna anayechunga. Amesema mbele yenu wote, mimi nimesikia. Sasa mbwa ameyatoa wapi? Ng'ombe gani wanakunya kwenye mawe na miiba?" Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini haikukatika. "Wezi wamepita kwenye maji kabla hayajajaa, wakapanda na kijito, ndiyo maana nyayo zimeisha hapa. Na mbwa huyu amewakuta. Mkimkata, mnamkata shahidi wenu. Mwacheni atupeleke. Akitudanganya, panga lipo, na sisi tupo."

Watu walimtazama Revocatus. Revocatus alirudisha kofia yake kichwani, akaivua tena.

"Mbwa kwanza awe shahidi," mzee Kisyeri alisema mwishowe. "Kiapo hakina haraka."

Walimfunga Nelson mikono upya, na Matiko akatembea nyuma yake na panga. Nelson alimwambia mbwa aende, "Pula, tsamaya." Pula aliinuka, akajikung'uta, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukimbilia mlango wa kabini akakaa pale, anasubiri afunguliwe safari iendelee. Wanaume walinung'unika. Nelson alimwambia tena, akamwonyesha juu ya mto kwa kidevu, na Pula akaenda, lakini alikwenda kimbwa, maana hakujua kwamba kuna roho inaning'inia mkiani mwake. Alikojolea kichaka. Akanywa maji. Akamfukuza mjusi kwenye mawe, akasimama kumsikiliza. Kila aliposimama, Wegesa alisikia pumzi za watu nyuma yake zikibadilika, na dumu likigonga mguu wa aliyelibeba. Mawe yalikuwa makubwa, hayana alama ya ukwato hata moja. Kijana mmoja alisema wanapotezewa muda. Mwingine alisema wamalizane hapo hapo, mbona mawe ni mawe tu.

Kisha pua ya Pula ilipanda juu. Aliingia kwenye miiba kwa tumbo, wakamsikia akikwaruza, na walipokata matawi wakamkuta chali kwenye rundo la mavi, miguu minne hewani, anajisugua kwa raha isiyo na kifani.

Hatua chache mbele yake, ndani kabisa kwenye korongo dogo lililofunikwa miiba, walisimama ng'ombe sita wamefungwa midomo kwa kamba ili wasilie. Majivu ya moto pembeni yalikuwa ya vuguvugu. Waliokuwa wamekaa hapo walikuwa wametoka muda si mrefu.

Matiko aliangusha panga. Alimkumbatia ng'ombe mwekundu shingoni akawa anamwita kwa rangi yake, na mmoja baada ya mwingine akawafungua midomo, na korongo likajaa sauti zao. Baadhi ya vijana waliruka mbio kufuata wezi. Mzee Kisyeri mwenyewe ndiye aliyefungua kamba ya Nelson, kwa vidole vilivyokuwa vinasita kwenye mafundo.

"Mura," alisema, "mimi nimekuweka karibu na moto. Sina cha kukuambia."

"Ulinizuilia moto pia, tata," Nelson alijibu. "Yameisha."

Revocatus sasa alikuwa rafiki mkubwa. Alileta uji, akaleta vijana wa kusukuma mawe kwenye kivuko maji yalipopungua, akasema tangu mwanzo yeye alikuwa na wasiwasi na maneno ya watu. Mtu wa dumu alilirudisha mahali pake, akalifunga na kamba vizuri kuliko lilivyokuwa.

Walivuka mchana. Walipita daraja la mto Mara, wakapita Nyamongo, ambako vijana wa machimbo walikuwa wamejaa barabarani na pikipiki zao, wakapita Tarime bila kusimama hata kwa chai. Pula alikuwa amerudishwa kabini pamoja na uvundo wake. Nelson aliendesha mikono miwili kwenye usukani, hakuwasha redio. Wegesa alingoja aanze yeye, na alipoona haanzi, baada ya kuacha lami na kushika njia ya vumbi ya Susuni, akaanza.

"Nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Unajua."

Nelson alikwepa shimo, akabadilisha gia. "Lile nililomwambia Amos uani, najua ulilisikia," alisema, "kwamba nitafanya jambo. Nilitaka kuuza friji na makochi tununue ndama wawili kabla ya kufika kwa baba. Nilikuwa sijakwambia kwa sababu makochi unayapenda."

Wegesa alifunika uso kwa viganja. Alitamani angepiga kelele, angemtukana, angefanya chochote isipokuwa kuongea kwa sauti ile ya kawaida.

"Ningemkata," Nelson alisema. "Nataka ujue hivyo. Wale hata wangeniwasha moto nisingemkata. Lakini uliponiuliza wewe, ningemkata."

"Baba Sarah, sasa najua. Najua hukuwachukua."

Njia ilipanda kilima kidogo, na ng'ambo yake mabati ya nyumba za kwanza za Susuni yalianza kuonekana kwenye jua la jioni. Watoto walikuwa wanakimbia kutoka kwenye viwanja, wameliona gari. Nelson alipunguza mwendo.

"Sasa unajua," alisema, "kwa sababu ng'ombe wameonekana."

Pula alijigeuza, akalaza kichwa chake chenye kunuka mapajani mwa Wegesa, akafumba macho, na Wegesa hakuthubutu kuuweka mkono wake juu ya ile shingo.